Usitume pesa ya mashine kwanza

Shoga yangu,

Nimeona mesej yako na picha ya hiyo mashine ya kufua ya ofa, nikasema wacha nikuandikie kitu kirefu kabla hujatuma pesa maana nakujua. Hiyo ya otomatiki wachana nayo. Kwa bedsita, hicho chumba kimoja na bafu yake, utapata mfereji mmoja wa sinki na mwingine wa bafu, hakuna pa kuchomeka paipu ya mashine, na hata ukileta fundi akuwekee bado maji yenyewe huku Nairobi yanakuja kwa ratiba. Mengi yanatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a na kila mtaa una siku zake, hizo siku zingine mnategemea tangi ya ploti, yaani ya jengo lenu, ikikaribia kuisha mfereji unatoa kauzi tu. Sasa otomatiki inataka presha, maji yakikatika katikati inasimama hapo na nguo zako ndani zimejaa povu, na wewe umechelewa kazi.

Kama ni lazima ununue, tafuta twintabu, ile ya mapipa mawili. Unaijaza na ndoo, pipa moja linafua lingine linakamua, paipu ya maji machafu unailaza kwa bafu yanashuka yenyewe. Kuhamisha nguo ni kazi yako lakini huko kukamua ndio kitu unalipia, zinatoka hazidondoki hata tone. Ila ingia kwanza uone nyumba, kuna bafu za hii Nairobi mtu na beseni hawaingii pamoja.

Kufua hakujawahi kukushinda, kazi ya huku ni kukausha. Wewe umezoea Mombasa, unaanika asubuhi, adhuhuri unapiga pasi. Huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na kati ya Juni na Agosti jua linaweza kukosa kutwa nzima, mawingu na baridi tu, jinzi inakaa kwa kamba mpaka inaanza kunuka uvundo. Na huo uvundo ni bakteria wanazaana kwa kitambaa kilichokaa kibichi, kwa hivyo usidhani ukiongeza Downy ya kulainisha nguo utauondoa, utapata uvundo wa maua. Dawa ni zikauke haraka. Kamua mpaka mikono ikatae, halafu shati ama dera izungushie taulo kavu uikanyage na miguu, utashangaa maji taulo linanyonya. Jinzi igeuze ndani nje mifuko ipate hewa. Usibananishe nguo kwa kamba hata kama kamba ni fupi, na hii mambo ya kuloweka usiku kucha ati ndio uchafu utoke, achana nayo, nusu saa ama saa moja yatosha.

Ukianika ndani fungua dirisha hata kama ni baridi. Yale maji ya nguo yakikosa pa kutokea yanaenda kwa ukuta, siku moja unavuta kitanda unapata ukungu mweusi nyuma yake, na ukihama ni dipoziti yako landilodi atapakia rangi.

Juu kwa rufu kuna kamba lakini muulize keateka, yule mwangalizi wa ploti, kwanza, kuna ploti kila gorofa ina siku yake na watu wanapigania hizo kamba vibaya sana. Halafu usianike ukashuka kulala. Wezi wa huko juu wanachagua, soksi za kazi hawashiki, wanaenda kwa jinzi mpya na taulo nzito, kwa hivyo beba simu na kiti ukae nazo.

Mimi nafua kidogo kidogo, chupi na soksi naosha nikioga, mablausi katikati ya wiki, na maji ya mwisho ya kusuza hayamwagwi, hayo ni ya kuflashi choo na kupiga deki. Shuka, blanketi na makoti naachia mama fua. Keateka ama majirani watakupatia mmoja wanayemjua, ama utawaona wakisubiri kazi kando ya barabara kama kule Eastleigh. Mkubaliane bei kabla hajashika maji, umwonyeshe nguo zote, usimfiche blanketi chini ya beseni ukaitoa mwisho, na umpe chai na chakula. Kuna watu wanapunguza bei ya mama fua mpaka unashindwa hata kuwatazama, na jioni hao hao wanaitisha pizza. Usiwe hivyo.

Ah, na Jik, hiyo dawa ya kung'arisha nguo, najua unavyoipenda. Nguo nyeupe tu, na usiichanganye na siki wala dawa ya choo kabisa, inatoa gesi ya klorini, na kwa bafu ndogo haina dirisha utakohoa mpaka ukimbie nje na kanga.

Sasa hiyo nyumba ya Zimmerman ni gorofa ya ngapi? Hukuniambia. Kama ni ya chini na dirisha linaangalia ukuta wa jirani, usilipe kitu mpaka tuende tuione saa sita mchana tujue kama mwanga unaingia. Jumamosi sina kazi, nipigie ukishuka basi.

Mimi wako wa siku zote