Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: unyevu wa mashamba yetu

Wanachama wenzangu, mwangaluka. Mambo ya fedha mhazini atayasoma mwenyewe, vikao tumekaa kama katiba inavyotaka, ada bado zinasuasua na wanaodaiwa wanajijua. Mimi muda wangu nautumia kwenye maji ya shambani mana hapo ndipo mwaka wetu ulipokwama.

Huku Igunga mvua ni ya msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili, na katikati inakata mahindi yakiwa yanataka kutoa mbelewele. Msimu huu ilikata vilevile, tukaenda na kamati kwenye mashamba mawili yaliyopakana, udongo uleule mbegu ileile, moja limepigwa plau, la pili limechanwa mistari kwa ripa, yani jino la chuma linalovutwa na maksai linachana udongo bila kuugeuza, na mabua yameachwa juu. Kwenye la plau jembe lilitoa vumbi tupu, alafu chini kidogo likagonga kitu kigumu kama sakafu, mizizi imefika pale ikapinda ikalala ubavu. Ile sakafu tunaijenga wenyewe jamani, plau na kwato za maksai kila mwaka kina kilekile. La pili ukifunua mabua udongo wa baridi, ukiufinya unashikana, na mizizi imefuata mchano ikashuka.

Ila tuelewane, ripa peke yake haitoshi. Kuna shamba lilichanwa vizuri kabisa lakini ng'ombe walishamaliza mabua, matone ya mvua yakaponda udongo mtupu juu pakawa gamba, maji yakakimbilia korongoni, likakauka karibu sawa na la plau. Wakulima wa ngano kwenye nyanda kame za Marekani yaliwakuta miaka ya 1930, waligeuza majani yote wapande ngano, ukame ukaja na udongo ukapeperuka. Siku hizi wengi wanaacha mabua ya ngano yamesimama wanapanda humohumo, mana kila ukigeuza udongo unauanika. Sisi ngano hatulimi ila jua halichagui zao.

Wenye kichanga cha mteremko fungeni matuta, yani unaweka vikingio vidogo kwenye mifereji maji yasimame yazame. Wenye mbuga, yani udongo mweusi wa mfinyanzi, msifunge, ile inashika maji sana mahindi yatakuwa ya njano.

Na nisiwafiche, usipopiga plau magugu yanaongezeka hasa miaka ya mwanzo, na palizi wanaoibeba zaidi ni kina mama. Kwa hiyo kamati inaomba tuanze na nusu eka kila mmoja, mabua yasichomwe wala yasilishwe mpaka kupanda. Wafugaji nawaelewa, ng'ombe naye anataka kula, ndo mana ni nusu eka tu, mabua ya eneo lililobaki yapelekeni zizini. Ripa ya kikundi ipo, jiandikisheni kwa katibu mara tu baada ya kuvuna, maksai wakiwa bado na nguvu na ardhi haijawa jiwe.