Steroidi za kuvuta si za kila kifua

Mhariri,

Kuanzia Kirumba hadi Ukerewe, mtu mzima anayekohoa na kubanwa kifua kwa muda mrefu mara nyingi huambiwa ana pumu, akapewa pampu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, kwa kawaida beklometasoni. Kama kweli ni pumu, hiyo ndiyo tiba yake ya msingi na asiiache hata akipata nafuu. Lakini mama aliyebanika sangara kwenye moshi kwa miaka mingi, au mvuvi mvuta sigara, huenda ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na huo una kanuni zake.

Kuutambua kunahitaji spirometa, kifaa cha kupima pumzi. Mgonjwa avute salbutamoli, dawa ya kutanua njia za hewa haraka, mikrogramu 400, yaani mibonyezo minne, asubiri dakika 15, kisha apulize. Hewa ya sekunde ya kwanza isipofika asilimia 70 ya hewa yote aliyotoa, njia zimeziba. Makohozi yapimwe kifua kikuu mapema: makovu yake huleta dalili zilezile, na steroidi za kuvuta huongeza hatari ya nimonia na ya kifua kikuu chenyewe.

Tiba ya msingi hapa ni dawa za kutanua njia za hewa zinazofanya kazi saa 12 hadi 24. Steroidi huongezwa juu yake, haitolewi peke yake. Anayefaidika zaidi ni aliyezidiwa mara mbili au zaidi kwa mwaka, au aliyelazwa kwa sababu hiyo, na ambaye damu yake ina eosinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, 300 au zaidi kwa mikrolita. Zikiwa chini ya 100, faida ni ndogo mno na hatari ya nimonia iko palepale.

Kwetu ziwani namba hiyo inadanganya. Kichocho na minyoo hupandisha eosinofili, kwa hiyo mkazi wa mwaloni, yaani ufukweni wanakoshushia samaki, anaweza kuwa na 700 zisizohusiana na mapafu yake. Apimwe choo kwanza. Akikutwa na kichocho apewe prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo. Mwenye kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Msirudie kipimo cha damu wiki inayofuata, maana eosinofili zinaweza kupanda kabla ya kushuka. Subirini miezi miwili au mitatu. Prednisoloni, steroidi ya vidonge, nayo huzishusha, basi damu ichukuliwe kabla ya kuianza. Maabara nazo zituandikie idadi, si asilimia tupu: asilimia 5 ya chembe nyeupe 6,000 ni 300, ila asilimia 5 ya 12,000 ni 600.

Swali lingine linalosahaulika: anatumia ARV gani? Atazanaviri na lopinaviri hutolewa pamoja na ritonaviri, ambayo huzuia ini kuvunja flutikasoni na budesonidi, steroidi nyingine za kuvuta. Dawa hujaa mwilini kana kwamba mtu anameza vidonge vya steroidi: uso unavimba, sukari inapanda, tezi za juu ya figo zinalala. Kwa huyo, beklometasoni ni salama zaidi.

Namna ya kuvuta huharibu tiba nyingi kuliko dawa yenyewe. Asiyeweza kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja atumie chupa ya maji ya nusu lita: toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liubane mdomo wa pampu, chupa ioshwe kwa sabuni na ikauke bila kufutwa. Atikise pampu, atoe pumzi, abonyeze mara moja tu, avute polepole kupitia mdomo wa chupa, abane pumzi hadi sekunde 10. Mbonyezo wa pili ufuate baada ya nusu dakika. Kisha asukutue na kutema, la sivyo utando mweupe utaota mdomoni na sauti itakwaruza. Pampu ya mibonyezo 200, kwa minne kwa siku, huisha siku ya 50 hata kama bado inatoa upepo. Kuielesha majini hakupimi kitu.

Aliyekwisha kuanzishiwa steroidi asiiache kwa kusoma barua hii. Mwenye eosinofili nyingi anaweza kuzidiwa akiikatisha, na mwenye pumu anaweza kufa. Aje kliniki na pampu yake, majibu ya damu na kadi ya dawa zote anazotumia.

Wahudumu wa kliniki ya kifua,
Mwanza