Mbao Zako Bado Hazijawa za Dodoma

Sisi tunajenga nyumba za mapumziko za mbao hapa Dodoma, na swali tunaloulizwa kuliko yote karakanani wala si la bei. Mteja anapita kiwanjani kwake, anakuta mbao zimepangwa chini ya kivuli, mafundi wako pembeni wanachonga fremu za milango, na ukuta haujasimama hata mmoja. Jioni simu inaita: "Fundi, mbao si zimeshafika? Mbona mwezi mzima mnazitazama tu?"

Tunazitazama kweli. Na siku hizo tunazihesabu kwenye kazi, kwa hiyo una haki ya kujua unalipia nini.

Paina nyingi inayojenga Dodoma inatoka Mafinga, kwenye shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu wa Mufindi. Kule ni baridi na ukungu. Mti unaangushwa, unapasuliwa, unapakiwa, lori linapita Iringa na Mtera, na mbao zinashuka kwetu bado nzito kwa maji. Ubao huanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30 hivi. Kiangazi cha Dodoma, na upepo wetu huu usiochoka, kinaweza kuushusha hadi 10. Katika kushuka huko ubao wa inchi sita hupoteza milimita 5 hadi 8 za upana wake. Tena hausinyai sawasawa: kufuata miduara ya mti unasinyaa karibu mara mbili ya kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Ndiyo maana unajikunja kama kigae.

Hili hatukulisoma tu, tulilipia. Nyumba yetu ya kwanza ya mapumziko tuliijenga upande wa Hombolo, mahali pazuri pa mtu kukaa kimya akatazama maji. Mwenye eneo alitaka wageni waingie wakati wa Nane Nane, nasi tukakubali, tukapigilia sakafu kwa mbao zilizokuwa na siku tatu tangu zishuke garini. Ilipofika Oktoba, sarafu ya shilingi mia ilikuwa inapita katikati ya mbao bila kugusa kokote. Usiku ndiyo kabisa. Mbao zikipoa baada ya jua la mchana zilikuwa zinalia "ka!", kimya, tena "ka!" Mgeni mmoja alijifungia hadi alfajiri akijua mwizi yuko barazani. Alikuwa amekuja kupumzisha akili! Tuling'oa sakafu yote, tukairudia kwa gharama yetu.

Tangu siku hiyo mbao zinakaa kwanza. Tunazipanga juu ya mawe, mbali na ardhi, kila safu imetenganishwa na vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite, tunapaka rangi kwenye ncha zisipasuke, na juu tunaweka uzito. Kivulini, siyo juani. Jua kali hukausha ngozi ya ubao kabla ya tumbo lake. Kiangazi, ubao wa inchi moja tunaupa wiki tano au sita. Mbao za inchi mbili kwa sita za sakafuni hudai zaidi ya mara mbili ya hapo. Kinachoamua ni kipima unyevu, si kalenda. Na hata zikikauka tunaacha nafasi ndogo katikati ya mbao za baraza, maana mvua za Desemba hadi Aprili zitazivimbisha tena.

Mchwa ni habari nyingine, na hapa tunabishana na wateja kila mwezi. Wengi wanataka tupake oili chafu, kama tunavyofanya kwenye nguzo za uzio. Kwa zizi, sawa. Kwa chumba ambacho mtu analala akivuta pumzi ndefu, hapana. Harufu ile haiondoki, na nguo zinachafuka. Sisi tunainua nyumba juu ya nguzo fupi za zege au mawe, nusu mita kutoka ardhini, kila nguzo imevalishwa kofia ya bati. Kofia haimuui mchwa, inamlazimisha kujenga njia yake ya udongo nje, peupe, mlinzi aione na kuifagia. Mbao za kijani zilizotiwa dawa kiwandani tunazitumia chini na nje tu. Nyingi ya dawa zile zina arseniki, kwa hiyo vipande vinavyobaki visiende jikoni wala kwenye jiko la bafu la mvuke. Tafadhali waambie wapishi wako.

Joto? Bibi zetu wa Kigogo walishalimaliza kwenye tembe: nguzo za mti mgumu, boriti, fito, kisha udongo mnene juu ya paa, na ndani ukaingia saa saba mchana ukatamani kulala. Udongo wa paa hatuuigi, ni mzito kwa kenchi za paina. Tunachochukua ni fikra yake, kwamba vita ya joto iko juu ya kichwa. Kati ya bati na silingi tunaacha hewa ipite, paa tunalitoa nje mita moja na nusu kufunika baraza, na kuta ndefu tunazielekeza kaskazini na kusini ili jua la jioni likute ukuta mfupi. Kivuli hicho ndicho kinachotunza pia mbao za nje. Vanishi peke yake kwenye jua la hapa hubanduka mapema, tunapaka mafuta ya mbao na kurudia.

Wanaotaka nyumba nzima ya mninga tunawashauri waishie kwenye mlango na meza. Mninga unatoka msitu wa asili na unachukua miongo kukomaa. Paina hupandwa na kuvunwa, kisha ikapandwa tena. Kwa vyovyote, dai hati ya kusafirishia mbao ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Na mibuyu iliyopo kiwanjani usiikate, nyumba ndiyo itakayosogea.

Ukitaka kufungua kabla ya mvua, mbao ziagizwe Mei. Juni hadi Agosti zinakauka, Septemba tunaanza kusimamisha. Ukija Septemba tutakupokea vizuri, ila simu ya "mbona mnazitazama tu" utaipiga kwenye mvua.