Kinachopandisha ada ya maigizo ni siku moja

Ndugu Mhariri,

Kila Januari shule zinapofunguliwa, wazazi wa hapa Dar es Salaam hukabidhiwa karatasi ya malipo ya shughuli za baada ya masomo, na maigizo huwa miongoni mwa zilizo ghali. Wengi humtoa mtoto hapohapo. Sisi tunaolea vikundi vya maigizo vya watoto tunaomba nafasi kidogo ukurasani tueleze fedha hizo huenda wapi, kwa sababu mazoezi yenyewe ni rahisi kuliko mpira. Mpira unataka viatu.

Kinachokula ada ni siku ya mwisho: ukumbi wa kukodi, mavazi ya kushonesha, spika, viti vya kuvishwa vitambaa, mpiga video. Wiki kumi za mazoezi hubebeshwa gharama za saa mbili. Mzazi akiuliza kwa nini ada imepanda, huambiwa mambo yamepanda. Hayajapanda, yameongezwa.

Tuanze na gharama moja isiyokwepeka, posho ya mwalimu wa maigizo. Chukulia siku mbili kwa wiki, wiki 10, shilingi 15,000 kila siku ya mazoezi. Hiyo ni 300,000 kwa muhula. Vikundi vingi huigawa kwa idadi ya watoto: wakiwa 30, kila mmoja 10,000. Hesabu inapendeza mpaka watoto 12 waondoke kufuata twisheni. Waliobaki 18 wanadaiwa zaidi ya 16,600 kila mmoja, wanne wengine wanashindwa, na ada inapanda tena. Kikundi hufa hivyo, tena mara nyingi kikiwa na watoto wenye vipaji na mwalimu mzuri.

Dawa yake ni kupanga bajeti kwa theluthi mbili tu ya watoto. Andikisha 30, lakini piga hesabu kana kwamba watalipa 20. Shilingi 1,500 kwa wiki, mara watoto 20, mara wiki 10, ni 300,000 kamili. Wale kumi wengine wakilipa nusu, au wasilipe kabisa, posho haitikisiki. Wakilipa wote, ziada inakaa kama akiba ya muhula ujao, haiendi kwenye keki.

Kulipa kwa wiki nako kuna maana yake. Mama lishe au dereva wa bodaboda anaweza kutoa 1,500 Jumamosi bila kuhisi. Umwambie alete 15,000 kwa mkupuo Januari, mwezi wa sare na madaftari, atakwambia mtoto apumzike mwaka huu. Lakini malipo ya wiki yana mtego: yakikusanywa mlangoni na mwalimu mwenyewe, mtoto asiye nacho hujificha chooni, kisha haji tena. Fedha zisipite mikononi mwa watoto. Mweka hazina awe mzazi, apokee kwa simu, aweke daftari, na majina ya wanaodaiwa yasisomwe mbele ya kikundi wala kubandikwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwalimu wa maigizo hapaswi hata kujua nani kalipa. Akijua, bila kukusudia atampa nafasi ya mhusika mkuu yule aliyelipa.

Katika shule za msingi za serikali, ambazo hazitozi ada, mchango huu lazima ubaki wa hiari. Mwalimu mkuu alipeleke suala kwenye kamati ya shule kabla ya shilingi ya kwanza, muhtasari uandikwe, risiti zitunzwe. Vikundi vingi husimamishwa kwa sababu hakuna karatasi ya kumwonyesha mkaguzi, wala si kwa kufanya vibaya.

Sasa mavazi, maana hapo ndipo mafundi cherehani hutajirika. Watoto 30 hawahitaji mavazi 30 mapya. Sare ya shule ndiyo msingi, juu yake kanga. Kipande kimoja cha kanga, takribani mita moja na nusu kwa upana wa mita moja na kidogo, kinakuwa lubega la mzee, mbeleko, kilemba, mto unaofurika wakikishika watoto wawili, au jeneza kikifunikwa juu ya dawati. Doti 12 zilizoazimwa majumbani ni vipande 24, na vinatosha. Shona uzi wa rangi kwenye pindo ili kila kipande kirudi kwa mwenyewe. Kanga ya mtu ikipotea, muhula unaofuata hakuna atakayeazima. Chagua zenye maandishi yanayofaa kuonwa na babu na bibi waliokaa mbele!

Vinyago vya wanyama tengenezeni kwa magazeti ya zamani (lenu pia, Mhariri, linafaa sana). Gundi ni kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji: koroga unga kwanza kwa maji baridi, kisha pika ukikoroga mpaka iwe kama uji mwepesi, na tia kijiko cha chumvi ili isichache upesi. Bandika vipande juu ya bakuli lililofudikizwa na kupakwa mafuta, tabaka nne au tano, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Kwa unyevu wa Dar hiyo ni siku nzima kwa kila tabaka. Anayeharakisha atapata kinyago kilichooza ndani na kunuka puani mwa mtoto. Vikikauka vitundikwe juu, kwani panya na mende wanaipenda gundi ya ngano kuliko sisi tunavyolipenda onyesho.

Kuhusu maandishi: tamthilia ya kurasa 20 kwa watoto 30 ni kurasa 600 za fotokopi, na kwa shilingi 100 kila ukurasa ni 60,000, mbali na kwamba kunakili kitabu cha mtu bila idhini ni kuvunja hakimiliki. Ngano, yaani hadithi ya kimapokeo, haina gharama hiyo. Miaka ya 1990 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na watoto kwa ngano, ngoma na nyimbo za kwao, na njia hiyo haijazeeka. Gawa hadithi katika matukio sita au saba, watoto waigize kila tukio kwa maneno yao, mwalimu aandike yale yanayofaa. Nakala tatu zinatosha: yake, ya msaidizi, na ya mtoto anayekumbushia.

Ngano ina faida nyingine ambayo watu huipita. Fanani, yaani msimulizi, anaita, wengine wote wanaitika. Katika tamthilia ya kawaida watoto wanane huzungumza na 22 husimama kama miti, na mzazi wa mti ndiye wa kwanza kuuliza analipia nini. Kwenye kiitikio kila mtoto ana kazi tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa kuwa wote wanasikia maneno ya wote, nafasi yoyote inaweza kuzibwa. Hata hivyo, kila mhusika mkubwa afundishwe watoto wawili tangu wiki ya tatu. Malaria, msiba, safari ya kijijini: lazima mmoja atakosekana. Asiye na mbadala huongeza siku za mazoezi, na siku za mazoezi ni posho.

Mazoezi yafanyike shuleni kwa watoto wenyewe, kuanzia saa 9:30 alasiri hadi saa 11 jioni, wakiwa ndani ya sare. Jioni makondakta huwakwepa wanafunzi, na aliyevua sare hutozwa nauli ya mkubwa. Shule zenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, hazina darasa tupu saa hizo, basi tumieni uwanja. Wawepo watu wazima wawili wakati wote. Wa pili awe mzazi wa zamu, asiyelipwa.

Na msidharau njaa. Nusu saa ya mwisho ya mazoezi hupotea kwa sababu watoto wamechoka matumbo, kisha tunasema hawana nidhamu. Lita tisa za uji zinatosha watoto 30, kikombe kimoja kila mtoto: kilo moja ya unga na nusu kilo ya sukari. Kwa siku 20 ni kilo 20 za unga na 10 za sukari. Hesabu ileile inarudi: nyumba 20 zikileta kilo moja ya unga na nusu kilo ya sukari mara moja kwa muhula, uji umepatikana, na nyumba kumi zimesamehewa.

Turudi kwenye ile siku ya mwisho. Iwe Agosti au Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli, kwa sababu chini ya bati mvua ikinyesha hakuna sauti ya mtoto inayosikika. Anzeni saa 10 jioni. Jua linatosha, taa hazihitajiki, na mpaka saa 11:30 watu wameshaondoka kuwahi Magharibi. Waigizaji wawe na ukuta wa darasa nyuma yao ili sauti irudi mbele, watazamaji wakae mikekani pande tatu, asiwepo aliye mbali zaidi ya mita kumi. Alasiri upepo hutoka baharini, hivyo watazamaji wengi wakae upande unakoelekea, usiondoke na maneno. Ngoma mbili zinatosha, ziwekwe juani mapema ili ngozi ikaze.

Spika msizikodi. Kipaza sauti kimoja kikipitishwa mkono kwa mkono, kila mtoto anaacha kuigiza na kuanza kukisubiri. Anayekishika amepoteza mkono mmoja, na mlio wake huwatisha wadogo. Pesa hiyohiyo ni posho ya siku kadhaa za mazoezi ya kupaza sauti.

Kwa wakuu wa shule tuna ombi moja. Yapo maeneo ambako kikundi cha wanafunzi wa shule hiyohiyo hutozwa kodi ya darasa baada ya masomo. Kodi hiyo huishia kwenye ada ya mtoto. Darasa litolewe bure kwa sharti la kufagiliwa na kufungwa, ufunguo usainiwe kwenye daftari la zamu. Na karatasi ya Januari ionyeshe posho ya mwalimu peke yake, gharama za onyesho peke yake, ili mzazi aweze kuikataa ya pili bila kumnyima mtoto ya kwanza.

Walezi wa vikundi vya maigizo vya watoto,
Temeke, Dar es Salaam