Harambee ya saa mbili za kwanza: damu ya wazee wa Hai ifike maabara ikiwa nzima

Ndugu wana Hai mlio nyumbani na mlio mbali, na wazee wetu, shikamooni.

Tunawaita kwenye harambee ya vifaa vya kukusanyia damu kwa utafiti wa magonjwa ya ubongo ya uzeeni, hasa Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) na Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kuburuta miguu). Wilaya yetu si ngeni katika jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwatafuta wagonjwa wa Parkinson humu Hai, na wengi waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Hadi leo mzee anayeburuta miguu huambiwa ni uzee tu, au karogwa.

Katika magonjwa haya protini hujikunja vibaya, zikanasana na kuwa vibonge: amiloidi na tau kwa Alzheimer, alfa-sinukleini kwa Parkinson. Watafiti wanavisaka vibonge hivyo ndani ya damu, ambamo ni haba mno. Ipo mbinu nzuri ya kuvitambua. Kingamwili (protini inayoshika kitu kimoja mahususi) ya aina moja hutumika mara mbili, kwanza kunasa, kisha kuwasha mwanga. Protini iliyo peke yake ina mahali pamoja pa kushikwa, hivyo ikishanaswa haiwaki. Kibonge kina sehemu nyingi zinazofanana, hivyo huwaka chini ya hadubini na kuhesabiwa kimoja kimoja.

Hadubini hiyo siyo tunayochangia. Tunachangia saa mbili za kwanza baada ya damu kutoka mshipani. Sampuli ikiharibika hapo, hakuna maabara duniani itakayoiponya.

Zaidi ya asilimia 99 ya alfa-sinukleini ya damu imo ndani ya chembe nyekundu. Zikipasuka hata chache, plazima (maji ya damu yasiyo na chembe) hugeuka rangi ya waridi, na kinachopimwa ni uchafu wa chembe hizo. Hupasuka sindano ikiwa nyembamba mno, kamba ikikaa mkononi muda mrefu, mrija ukitikiswa badala ya kupinduliwa polepole mara 8 hadi 10, au damu ikirushwarushwa kwenye bodaboda kabla ya kuzungushwa kwa mashine ili plazima itengane na chembe. Kwa hiyo mashine ya kuzungushia damu lazima ikae zahanati, hatua chache kutoka kiti cha mzee.

Mashine hiyo ifikishe nguvu ya 2,000 g, yaani mara 2,000 ya uvutano wa dunia, kwa dakika 10. Anayetaka kutununulia asiangalie mizunguko peke yake: yenye mkono (toka katikati hadi mwisho wa mrija) wa sentimita 10 huhitaji mizunguko kama 4,230 kwa dakika, ya sentimita 16 kama 3,340. Matangazo mengine ya bei nafuu hutaja mizunguko tu.

Kila mzee atatoa mililita 10 kwenye mrija wa EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), ule wa kifuniko cha zambarau, nasi tutapata mililita 4 hivi za plazima. Muuguzi ataacha tabaka jembamba juu ya chembe nyeupe, asizivute. Plazima itagawanywa nusu mililita kwa kila kijichupa cha polipropilini, maana amiloidi hung'ang'ania glasi na plastiki nyingine, kipimo kikashuka bure. Kugawanya huko si ubahili wa nafasi. Plazima ikiyeyushwa na kugandishwa tena na tena, vibonge vinaweza kuvunjika au vipya kuzaliwa, kwa hiyo kila kijichupa kitayeyushwa mara moja tu.

Kwa wazee 300 tunahitaji mirija 300 na ya akiba 60, vijichupa 2,400, pipeti mbili, mashine moja ya kuzungushia, friza ya nyuzi −80 na jenereta ya kuilinda umeme ukikatika. Tunaomba pia fedha za kupima kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ya kila mzee, kwa kuwa figo dhaifu hupandisha tau kwenye damu na kumfanya mtu mwenye akili timamu aonekane mgonjwa.

Hatuahidi dawa wala majibu ya mtu mmoja mmoja. Huu ni utafiti. Sindano haitachomwa kabla ya kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na ridhaa ya mzee mwenyewe, au ya familia pale ambapo kumbukumbu imemtoka.

Michango inapokelewa na mweka hazina kila Jumapili baada ya ibada, kwa risiti. Bei za wauzaji zimebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Atakayeleta kifaa badala ya fedha atuoneshe kwanza karatasi ya vipimo vyake kabla ya kulipa.