Kioo hakikuvumbuliwa na Warumi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu vyombo vya kioo vya Warumi niliisoma dukani, mteja akinisubiri nimkatie kioo cha dirisha. Mmeandika kwamba mabaharia walipikia ufukweni, sufuria wakaiteleka juu ya mabonge ya magadi, mchanga ukayeyuka, kioo kikapatikana. Nakata vioo hapa Tanga mwaka wa 31 huu, na kisa hicho sikikubali.

Alikiandika Plinius, mwandishi Mrumi, yule aliyekufa volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 BK, na hata yeye alikieleza kama jambo la kusikia tu. Mimi nilikijaribu: magadi ya kupikia maharage, mchanga, mkaa na feni. Nilipata donge jeusi na maneno ya mke wangu. Mchanga hauyeyuki kwa moto wa sufuria. Unataka tanuri la nyuzi 1,000 na zaidi. Tena Misri na Mesopotamia walikuwa na vyombo vya kioo tangu karne ya 15 KK, Roma haijawa mji.

Kwenye magadi, hata hivyo, mzee Plinius hakukosea. Yalitoka Wadi Natrun, Misri, na mchanga uliosifiwa ni wa mto Belus, karibu na mji wa Akka, Israel ya leo. Kioo kibichi kilivunjwa mabonge, kikapakiwa melini, kikayeyushwa upya na mafundi wa miji mingine. Wengi wao hawakuwahi kuchanganya mchanga na magadi, kama mimi ninayepokea shiti zimeshatengenezwa.

Kilichogeuza mambo ni kupuliza. Zamani chombo kilijengwa kwa kuzungushia kioo cha moto kwenye kiini cha udongo, kazi ya polepole. Karne ya kwanza KK mafundi wa pwani ya Shamu wakaanza kukipuliza kwa mrija, na bei ikaanguka: Strabo, mwanajiografia Mgiriki, anasema Roma bilauri ilinunuliwa kwa sarafu ndogo ya shaba. Vilivyovunjika havikutupwa. Mshairi Martial anamtaja mchuuzi aliyezunguka akibadilisha vijiti vya kuwashia moto vilivyopakwa salfa kwa vipande vya kioo. Vijana wanaopita mtaani kwangu wakiulizia chupa tupu wasidhani wameanza wao.

Ombi langu: mkirudia mada hii, wapunguzeni wafalme, mtajeni Ennion. Huyu alikuwa fundi wa karne ya kwanza BK, anahusishwa na Sidon, Lebanon ya leo, akipuliza kioo ndani ya kalibu yenye nakshi na maandishi ya Kigiriki. Upande mmoja wa kikombe: "Ennion ametengeneza." Upande wa pili: "Mnunuzi na akumbukwe."

Wanunuzi wangu mimi nawakumbuka wote, hasa wale ambao hawajamalizia.

Fundi vioo,
Tanga