Dukani walielewana, nyumbani wanauana

Ujumbe wa namna hii hautuishii kwenye simu ya duka letu la samaki wa mapambo, kinachobadilika ni mtaa tu. Wa juzi ulitoka South B, hapa Nairobi: picha ya samaki aina ya oscar aliyeraruka mkia, na chini yake maneno, "Mmeniuzia samaki kichaa. Hapo kwenu walikuwa wanaelewana vizuri na huyo Jack Dempsey. Nirudishieni pesa yangu." Saa moja baadaye akaongeza kuwa sisi ni matapeli, na kwamba ameshawaambia majirani.

Majirani nao wasome, basi.

Dukani walielewana, hilo ni kweli. Tangi letu la oscar wadogo limejaa samaki wengi wa saizi moja. Halina jiwe, halina chungu, halina pango. Samaki wa jamii ya sikilidi, na oscar na Jack Dempsey wote ni sikilidi, hupigania eneo. Penye msongamano hakuna anayeweza kushika eneo na kulilinda, na ubabe wa mmoja unasambaa kwa wengi, kila mtu anapigwa kidogo na hakuna anayeumia. Tena hao ni watoto. Oscar wa sentimita sita anatafuta chakula, hatafuti cheo. Sasa mchukue yeye na Dempsey mmoja, wawili tu, uwatie kwenye tangi la futi mbili lenye pango moja la mapambo katikati. Kabla ya taa kuzimwa pango lina mwenyewe. Aliyefukuzwa atakimbilia wapi, na kutoka ukuta hadi ukuta ni sentimita sitini?

Tuzungumze hesabu, kwa sababu mteja wetu wa South B alikataa kuisikiliza siku ya kununua. Tangi la futi mbili, yaani sentimita 60 kwa 30 kwa 30, linabeba lita 54, na hapo hujatoa mawe. Oscar hufika sentimita 30 na kuzidi. Mwaka wa kwanza, akilishwa vizuri, anaongeza sentimita mbili hivi kila mwezi. Maana yake tangi lenye upana wa sentimita 30 ni tangi ambalo oscar mzima hawezi kugeuka bila kukunja mkia. Dempsey ni mdogo kidogo, anasimama kwenye 20 au 25, ila ana roho ya jina lake: aliitwa kwa Jack Dempsey, bondia wa Marekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kutoka 1919 hadi 1926. Kwa hao wawili sisi tunapendekeza futi tano kwa mbili kwa mbili. Hizo ni lita 540, nusu tani ya maji na zaidi, na ndiyo sababu fundi wetu huuliza sakafu ikoje na ukuta uko wapi kabla ya kuuliza rangi ya stendi.

Njia ya mkato ya kwanza, na inayopendwa kuliko zote, ni "nitaanza na dogo, wakikua nitanunua kubwa." Tukiambiwa hivyo tunatabasamu tu. Samaki hangoji mshahara. Mteja mmoja wa Buruburu alianza na futi mbili, akaenda futi tatu, akaishia futi tano. Alinunua matangi matatu, filta tatu na stendi tatu, na katikati akapoteza Dempsey mmoja aliyetolewa jicho. Futi tano la mwanzo lingemgharimu chini ya hayo yote. Kuna na wale wanaokwenda kwa fundi wa madirisha awakatie vioo vya milimita nne na kuvigandisha kwa silikoni ya bafuni. Kioo chembamba kinapinda maji yakijaa, na silikoni nyingi za bafuni zina dawa ya kuua ukungu ambayo inaua na samaki. Ukiona tangi letu ni ghali, gusa unene wa kioo chake kwanza.

Njia ya mkato ya pili ni kuleta samaki wa tatu "awatulize." Mama mmoja wa Kasarani alisikia kwamba ugomvi wa wawili huisha ukiongeza wengine, akanunua kwingine konvikti wawili wadogo wenye milia, bei ya soda. Bahati yake wakawa dume na jike. Konvikti huanza kuzaa wakiwa na urefu wa kidole tu. Tulipofika kwake tulikuta oscar wa sentimita 25 na Dempsey wake wamebanana kona ya juu karibu na hita, pezi kwa pezi, na nusu nzima ya tangi inatawaliwa na visamaki viwili vyenye wingu la watoto chini ya jiwe. Oscar akisogea hatua moja, konvikti jike anamrukia usoni. Tuliwatoa wale wazazi, na jioni hiyo hiyo oscar na Dempsey wakarudia vita vyao vya zamani.

Halafu kuna ombi la "nipe oscar dume na Dempsey jike, wasipigane." Oscar hatambuliki dume wala jike kwa macho, na anayekuambia anamjua kwa rangi anakuuzia maneno. Dempsey afadhali: jike huwa na buluu nyingi chini ya shavu, dume mapezi yake ya juu na ya chini karibu na mkia huchongoka. Lakini hata ukipatia, hao ni samaki wa aina mbili. Hawana ndoa ya kuwatuliza.

Kinachofanya kazi hakina uchawi. Walete pamoja siku moja, wakiwa wadogo na wa kimo kimoja, ili asiwepo mwenyeji wala mgeni. Kama mmoja ameshakaa, usimtumbukize wa pili juu ya nyumba ya mwenzake. Sisi tukija tunatoa mawe yote, tunayapanga upya mpaka hata mwenyeji hajui pango lake liko wapi, tunaweka mafichio zaidi ya idadi ya samaki, na jiwe moja kubwa au gogo katikati linalokata mtazamo. Asiyemwona adui yake hamfuati. Mwenyeji tunamlisha ashibe, taa inazimwa, ndipo mgeni anaingia. Kazi hiyo inachukua mchana mzima, na wateja wengi wanaona tunalipwa kwa kusogeza mawe. Sawa. Wasogeze wenyewe, ila wasogeze kabla ya samaki kuingia.

Baada ya hapo tazama rangi, usitazame kelele. Kufukuzana siku za kwanza, kutanuana mashavu, hata kushikana midomo na kusukumana, ni kupimana nguvu. Hatari ni yule anayepauka na kubaki amepauka, anajibana kona ya juu, haji kula. Dempsey aliyeshindwa hupoteza vile vidoti vya buluu akawa kama amemwagiwa jivu. Huyo mtoe leo, usingoje Jumamosi. Ila oscar akilala ubavu sakafuni mara tu umesafisha tangi, usitupigie simu usiku kwamba amekufa. Amenuna. Oscar hununa akihamishiwa mawe. Mwache.

Na mara nyingi kinachoitwa ukorofi ni maji. Samaki hawa wanakula sana na kuchafua sana, na amonia, sumu inayotokana na uchafu wao, ikipanda wanakosa utulivu, mapezi yanaungua, wanagombana. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita bakteria wa filta wanaoila amonia hiyo wajijenge, na huo ndio muda ambao kila mteja anataka kuukata. Hapa Nairobi kuna mambo yake. Maji ya mfereji yana klorini, lazima yatiwe dawa. Maji ya visima virefu mara nyingi yana pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya juu, na pH ikipanda amonia ile ile inakuwa sumu kali zaidi. Jiji liko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanashika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa, na stima ikipotea samaki wakubwa ndio wa kwanza kuhema juu juu. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwepo nyumbani. Julai nayo inataka hita, na hita yenyewe ivalishwe kinga, maana oscar mzima huvunja ya kioo kwa bega.

Wanaotuambia kwamba samaki wetu ni ghali kuliko wale wanaouzwa mfukoni kwenye mataa ya barabarani, tunawaelewa. Wetu wanakaa karantini wiki tatu kabla ya kuuzwa, tunawaangalia vidoa vyeupe na minyoo, tunawazoesha chakula cha punje ili usije ukawalisha nyama ya ng'ombe yenye mafuta wasiyoweza kuyasaga. Wengine hufia humo karantini, na hasara hiyo ni yetu, haiji nyumbani kwako ndani ya mfuko.

Kuhusu kurudisha pesa: samaki akifa ndani ya siku saba, leta chupa ya maji ya tangi lako tuyapime mbele yako. Maji yakiwa sawa tunakupa mwingine bila maneno. Amonia ikionekana, hatulipi. Aliyeraruliwa na mwenzake katika tangi dogo kuliko tulilokuandikia kwenye risiti, huyo pia hatumlipi, lakini tutamtibu kwa bei ya dawa tu. Na aliyekushinda nguvu akiwa mzima na mwenye afya, mlete tumtafutie mwenye tangi la kumtosha. Hatumnunui, ila hatukutozi. Usimtupe mtoni.